NAMNA YA KUONDOA NA KURUDISHA NYUMBA YA ARBAKAME KATIKA MOTERE YA PORSCHE 911

(Imeandikwa na kapita wa shule, mwaka wa sita)



Tangu picha ya motokari ya Safari ilipobandikwa ukutani mwa chumba cha kusomea, maulizo hayaishi. Wadogo wa mwaka wa kwanza wanauliza kama motokari ile ingeweza kupita barabara ya Nobili wakati wa mvua. Wakubwa wa mwaka wa tano wanauliza neno lingine, na hilo ndilo lenye uzito: motere yake ikisha kufunguliwa, inafungwa tena namna gani? Walitaja hasa ile sehemu ya juu inayobeba arbakame. Waandikaji wa gazeti letu wameniomba nijibu. Nitajibu jinsi nilivyosoma katika kitabu cha mafundi, na jinsi ninavyoona kazi yenyewe garajini wakati wa likizo.

Kwanza motokari yenyewe. Porsche 911 ilionyeshwa mara ya kwanza Ujerumani, Frankfurt, mwaka 1963. Jina lake la kwanza lilikuwa 901. Lakini kampuni ya Peugeot ya Ufaransa ilikuwa na haki juu ya majina ya tarakimu tatu yenye sifuri katikati, kama 404 na 504 ambazo wazee wetu wanazikumbuka sana, basi Wajerumani wakabadili wakaiita 911. Afrika ya Mashariki ilifika mapema. Katika Safari ya mwaka 1972 Sobieslaw Zasada, mtu wa Poland, alikuwa wa pili na Porsche 911. Mwaka 1974 Björn Waldegård wa Uswidi alikuwa wa pili, nyuma ya Joginder Singh wa Kenya aliyekuwa na Mitsubishi. Mwaka 1978 Vic Preston Jr., mwana wa Kenya, naye akawa wa pili, na mshindi alikuwa Jean-Pierre Nicolas na Peugeot 504. Mara tatu ya pili! Porsche haikuishinda Safari ile hata mara moja. Ni baadaye, katika mashindano ya motokari za zamani yanayofanyika huko huko tangu 2003, ndipo Waldegård alishinda na 911 mwaka 2011, na Stig Blomqvist mwaka 2015. Kumbe motokari iliyotengenezwa kwa barabara za lami iliweza kumaliza maelfu ya kilometa katika vumbi na matope yanayofanana na yetu, na motere ikiendelea kulia. Sasa tuiingie hiyo motere.

Arbakame ni nini? Mafundi wa ng'ambo, upande wa Bundibugyo, wanaiita kemshafti. Ni fimbo ya chuma yenye vinundu. Kila kinundu kikizunguka kinasukuma mkono mdogo unaoitwa kilbitere, na mkono ule unasukuma supape inafunguka. Supape moja inaingiza hewa na esansi, ingine inatoa moshi. Vilebreke, ile fimbo kubwa ya chini inayosukumwa na pistoni, ikizunguka mara mbili, arbakame inazunguka mara moja. Fanyeni hesabu: motere ikienda mizunguko 6000 kwa dakika, arbakame inakwenda 3000, ndiyo kusema kila supape inafunguka na kufungwa mara 50 kwa sekunde moja. Kabla hamjamaliza kutamka jina lenu, supape imekwisha kufanya kazi mara hamsini.

Motere ya 911 haifanani na ile ya Land Cruiser. Silinda zake sita hazikusimama, zimelala: tatu upande wa kushoto, tatu upande wa kuume. Zile za zamani, mpaka mwaka 1998, zilipozwa kwa upepo wa feni wala si kwa maji. Kwa sababu hiyo kila silinda imejitenga na mwenzake ili hewa ipite katikati, na kila silinda ina kulase yake peke yake. Sita silinda, sita kulase. Hapo ndipo inapoanzia shida yote ya habari hii, basi musome pole pole.

Kama kulase zimetengana, arbakame itakaa wapi? Fimbo ni moja kwa kila upande, lakini inatumikia kulase tatu. Wajerumani wakafanya hivi: wakaunda sanduku refu la aluminiumu, wakalilaza juu ya kulase zote tatu, wakalifunga na ekru. Ndani ya sanduku hilo fimbo inazunguka, na kilbitere zote zimo humo. Hilo ndilo ninaloliita nyumba ya arbakame. Kuna mbili, ya kushoto na ya kuume.

Tena nyumba hii haina rulema, wala haina vile vibati laini vya kushikia fimbo kama vinavyokaa chini kwenye vilebreke. Fimbo ya chuma inazunguka ndani ya matundu ya aluminiumu yenyewe, katikati kuna mafuta tu. Nafasi kati ya fimbo na tundu ni ndogo kushinda unywele wa mtu. Sasa muwaze viti vitatu vimepangwa mstari mmoja na ubao mmoja umelazwa juu yake. Kama kiti cha katikati ni kifupi kidogo, na mtu akaufunga ubao kwa misumari mpaka uguse viti vyote vitatu, ubao utajikunja. Nyumba ya arbakame ikijikunja hata kidogo kisichoonekana kwa macho, matundu yake hayako tena katika mstari mmoja. Fimbo itabanwa. Motere ikiwashwa chuma kitakula aluminiumu, na nyumba imeharibika. Haina kibati cha kubadilisha; sherti kununua nyumba ingine nzima, au kupeleka ile ya zamani kwa fundi mwenye mashini ya kutoboa upya. Huyo fundi hayuko Kamango, na barabara ya Mbau munajua habari zake.

Kwa hiyo kazi yote, tangu ekru ya kwanza mpaka ya mwisho, iko na neno moja: nyumba isijikunje.

Tuanze kuiondoa. Motere iwe baridi kabisa. Aluminiumu ya moto ni laini, inajikunja upesi, tena mafuta ya moto yanachoma mikono. Betri itolewe waya. Mafuta yamwagwe katika chombo safi, na chombo kiwe kikubwa, kwa sababu aina ya mwaka 1978 inabeba karibu lita 13. Wafundi wengi wanaitoa motere yote nje na kuiweka juu ya meza, maana iko nyuma ya motokari, mahali pa kubanana. Bomba za moshi zitoke pia, kwa kuwa kila nyumba ina vifuniko viwili, kimoja juu upande wa supape za hewa, kimoja chini upande wa supape za moshi, na cha chini kinafichwa na bomba.

Vifuniko vikisha kutoka, kilbitere zinaonekana. Hizo ziondoke kwanza, wakati shene bado inashika arbakame. Kwa nini kwanza? Kwa sababu mbili. Kila kilbitere inapitiwa na kipini kifupi, na kipini hakitoki kama kinundu kinaisukuma kilbitere yake. Sherti uzungushe motere kwa kle, polepole, mpaka kinundu kigeuke na mkono ule ulegee, ndipo unalegeza bulo na kukisukuma kipini nje. Sababu ya pili ni nzuri zaidi: kilbitere zote za upande ule zikisha kutoka, springi zinazifunga supape zote, na pistoni haiwezi kugonga supape iliyofungwa. Umejiwekea usalama kwa kazi yote inayofuata.

Kila kipini na kila kilbitere viandikwe namba au vipangwe kwenye ubao wenye matundu kumi na mawili. Visichanganywe. Kipini kimezoea tundu lake kama mguu ulivyozoea kiatu. Ukikihamisha, mafuta yatavuja.

Kisha zungusha vilebreke mpaka alama ya Z1 iliyo kwenye gurudumu la mkanda ikutane na mstari wa kuungana kwa sanduku la motere, na silinda ya kwanza iwe katika zamu yake ya kuwaka. Hapo usiguse tena. Fungua kifuniko cha shene. Ondoa kile kinachokaza shene, ondoa bomba la mafuta linaloingia katika nyumba, halafu legeza ekru kubwa iliyo mwishoni mwa arbakame. Ekru hii imekazwa sana. Sherti mtu wa pili aishike arbakame kwa chombo chake isizunguke. Gurudumu la meno likitoka, angalieni vibati vyembamba vilivyo nyuma yake. Vinaweka shene katika mstari mnyoofu. Vihesabuni, viandikeni, virudi vile vile. Shene ifungwe na kipande cha waya isianguke ndani.

Sasa ekru zinazoshika nyumba. Hazilegezwi moja moja mpaka mwisho. Anza zile za pembeni, kila moja robo ya mzunguko, uende kwa ingine, uzunguke zote, urudi tena. Mtu akifungua upande mmoja wote na kuacha mwingine umekazwa, nyumba inajikunja hapo hapo mezani, motere haijawashwa hata! Zikisha kulegea zote, gonga nyumba kidogo kwa kipande cha mti au nyundo ya mpira. Hapana kutia turnevisi kati ya nyumba na kulase. Mstari utakaochimba mle hauonekani sana, lakini mafuta yatauona. Inue moja kwa moja, bila kuinamisha, kwa sababu chini yake kuna bomba mbili fupi zinazorudisha mafuta katika sanduku la motere, zenye pete za mpira. Pete hizo zibadilishwe kila mara. Zile ekru za kulase zenyewe zisilegezwe kama hakuna kazi ya kulase.

Nyumba ikiwa mkononi, iosheni kwa esansi safi na kuipuliza. Ndani yake kuna bomba jembamba lenye matundu madogo sana. Kazi yake ni kurusha mafuta juu ya vinundu. Mtu anayesahau bomba hili amefanya kazi yake bure. Likiziba, vinundu vinakauka na kulika, na fundi atasema arbakame ilikuwa mbaya. Pitisheni hewa katika kila tundu, muone imetoka. Kisha tazameni matundu makubwa ambamo fimbo inakaa, muyapapase kwa ukucha. Ukucha ukinasa, pana jeraha.

Kuirudisha ndiyo kazi inayoonyesha nani ni fundi. Nyuso mbili, ya nyumba na za kulase, zisafishwe zikauke. Hapa hakuna jwe ya karatasi. Kuna gundi ya mafundi peke yake, nayo ipakwe nyembamba kama mtu anayepaka mafuta ya ngozi, si kama anayepaka udongo ukutani. Nimeona wengi wakiminya tyubu mpaka gundi inatoka pande zote, wakifurahi kwamba haitavuja. Ile inayotoka nje munaiona. Ile inayoingia ndani hamuioni, inakatika, inatembea na mafuta, inakwenda kuziba yale matundu madogo niliyosema.

Pakeni mafuta safi kwenye arbakame, muiingize ndani ya nyumba, muizungushe kwa vidole. Inakwenda laini? Vizuri. Lazeni nyumba juu ya kulase tatu, mukitazama bomba za kurudisha mafuta zikae sawa. Ekru zote ziingizwe kwa vidole tu. Halafu anza kukaza kutoka katikati kwenda pembeni, kidogo kidogo, na hapa sikilizeni: baada ya kila mzunguko wa kukaza, shika arbakame na uizungushe kwa mkono. Kilbitere hazimo, shene haimo, basi hakuna kitu cha kuizuia. Kama ilikuwa laini na sasa inakataa, nyumba imeanza kujikunja. Usikaze tena. Legeza, tafuta sababu: labda mchanga, labda gundi ya zamani iliyobaki, labda kulase moja haikukaa sawa. Kama kulase nazo zilikuwa zimefunguliwa, inafaa ziachwe zimelegea kidogo mpaka nyumba ikae juu yake na kuzinyoosha katika mstari mmoja. Ndipo zinakazwa zenyewe, kisha nyumba, na mkono bado unazungusha arbakame.

Nguvu ya kukaza ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Kitabu kinataka karibu Newton-metre 25. Wa fizike, tusaidieni: hiyo ni kama uzito wa kilo mbili na nusu ukiwa umetundikwa mwishoni mwa kle yenye urefu wa metre moja. Kle ya sentimetre 25, ni kama kilo kumi. Mtoto wa miaka kumi na miwili anaweza. Lakini vijana wa garaji wanajisifu: kaza mpaka ikatae! Mimi sikubaliani nao hata kidogo. Ekru ya milimetre nane katika aluminiumu haikatai. Inajivuta, inajivuta, halafu inatoka pamoja na meno yake. Asiyekuwa na kle ya kupima nguvu atumie kle fupi, na ashike karibu na kichwa chake.

Nyumba ikisha kukaa na arbakame ikizunguka laini, gurudumu la meno linarudi na vibati vyake. Alama iliyochongwa mwishoni mwa arbakame iangalie juu, Z1 ikiwa bado mahali pake. Gurudumu lina matundu mengi, na kipini chake kinaingia pale tu ambapo tundu mbili zinalingana; hiyo inamwezesha fundi kusogeza saa ya arbakame kidogo sana. Kirudisheni kikaza shene, tieni kilbitere moja ya supape ya hewa ya silinda ya kwanza, mupime kwa saa ya kupimia supape ile imeshuka kiasi gani baada ya mzunguko mmoja wa vilebreke, mulinganishe na kitabu cha motere ile. Kila aina ina kipimo chake, usichukue cha jirani. Kikikubali, ndipo ekru kubwa inakazwa na kilbitere zingine zinarudi.

Kabla ya kuwasha, zungusheni motere kwa kle mizunguko miwili mizima. Buji ziwe nje. Ikigoma mahali, simameni, pengine ni pistoni imekutana na supape. Kwa kle unaisikia na kurudi nyuma. Kwa umeme wa betri usingeisikia, supape ingepinda. Mwisho pimeni nafasi kati ya kilbitere na supape kwa kibati chembamba: milimetre 0,10, motere ikiwa baridi. Tieni mafuta, zungusheni kwa betri bila buji mpaka mafuta yapande, kisha buji, kisha muwashe.

Sasa mtu atasema: Kamango hakuna Porsche. Kweli. Lakini pikipiki ziko, na nyingi zinalisha nyumba nzima. Tuzitofautishe. Yamaha AG 100, ile ya wachungaji na wauguzi, ni ya mipigo miwili, haina arbakame wala supape za namna hii. Zile za aina ya Honda CG125 zina arbakame chini, na fimbo mbili zinapanda kusukuma kilbitere. Nyingine zina shene inayopanda mpaka kwenye kulase, na arbakame inakaa humo juu. Katika baadhi yake arbakame imekaa juu ya rulema, hizo zinasamehe kidogo. Lakini katika Honda ndogo za zamani inazunguka ndani ya aluminiumu yenyewe, sawasawa na 911. Pikipiki ya namna hiyo ikitiwa mafuta meusi yaliyotolewa katika lori, au ikienda na mafuta nusu, matundu ya juu ndiyo yanayokufa kwanza, kwa sababu mafuta yanafika huko mwisho. Utasikia mlio wa kugonga juu, karibu na tangi. Wengine wanakaza supape ili mlio unyamaze. Mlio unanyamaza kweli, na juma linalofuata baba wa watoto anasukuma pikipiki kwa miguu kutoka Nobili, karo ya shule ikiwa imekwenda kununua kulase.

Mkisikia mlio ule nyumbani, zimeni, toeni kifuniko cha juu, mtazame kama mafuta yanafika, mushike arbakame mujaribu kuitikisa. Ikicheza juu na chini, msikaze kitu.

Mchoro wa nyumba ya arbakame haukuingia katika ukurasa huu. Nimeuacha kwa mwalimu wa fizike, pamoja na kilbitere moja ya zamani na kipini chake, kwa wanaotaka kushika kwa mikono. Wenye maulizo wayaandike na kuyatia katika sanduku la gazeti kabla ya siku ya tano.